Upotevu wa Umeme Njiani na Mkoa wa Tanga
Upotevu wa umeme ni sehemu ya nishati inayogeuka joto ndani ya nyaya kabla ya kumfikia mtumiaji. Mita ya nyumbani haiuoni. Tanga ina mitambo ya maji ya Hale (megawati 21) na New Pangani Falls (megawati 68), lakini Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, liko mbali, Rufiji. Msongo ukiongezwa maradufu kwa kiasi kilekile cha umeme, upotevu katika waya uleule hushuka hadi robo. Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kuwa kuufikisha umeme Kanda ya Kaskazini hupoteza shilingi bilioni 32 kwa mwaka, akitetea ununuzi wa umeme wa Ethiopia kupitia Kenya.