Nani Ameshika Mizani? Historia ya Kuipima Serikali, Tukitazama Kutoka Bariadi

Maneno "ufuatiliaji na tathmini" yamezoeleka katika ofisi zetu kiasi kwamba wengi hudhani yaliletwa na wafadhili katika miaka ya 1990, yakiwa yamefungwa pamoja na majedwali ya viashiria na magari ya mradi. Wanafunzi wangu huandika hivyo katika insha zao, na vitabu wanavyosoma huwaunga mkono. Mimi sikubaliani navyo. Katika eneo ambalo leo tunaliita Mkoa wa Simiyu, watu walianza kuwapima wenye mamlaka zamani kabla ya kuwapo neno la kuitaja kazi hiyo, nao walianzia mahali ambapo msomi hategemei kupakuta: kwenye mizani ya pamba.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni iliazimia kuibadili Usukuma. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulianza mwaka 1947, na makao ya shirikisho la watemi yakawekwa Malya. Bariadi wakati huo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Maswa. Mkulima aliamriwa kulima kwa matuta, kupanda mihogo kwa kiwango kilichowekwa, kutumia samadi na kupunguza mifugo. Bwana shamba alipita akikagua, na asiyetii alitozwa faini katika baraza la mtemi. Ukitazama kwa jicho la leo, ule ulikuwa mfumo kamili wa ufuatiliaji: kulikuwa na malengo, wakaguzi, kumbukumbu na adhabu. Kilichokosekana ni mahali pa mkulima kumkagua bwana shamba. Taarifa ilipanda kwenda juu, na kilichoshuka ni amri.

Lakini mkulima huyohuyo alikuwa na jambo lake la kupima. Pamba aliiuza kwa wanunuzi wenye leseni, wengi wao wafanyabiashara wa Kiasia, na mizani ilikuwa ya mnunuzi. Manung'uniko kwamba mizani inapunja yalienea kote Kanda ya Ziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walifanya jambo jepesi lililokuwa na uzito mkubwa. Waliajiri wapimaji wao wenyewe, wakawaweka vituoni ili wahakikishe uzito kabla pamba haijapokewa. Kutokana na mbegu hiyo viliota vyama vya msingi, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mashuhuri. Shirikisho hilo likakua hadi kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Tukikumbuka kwamba TANU ilipigwa marufuku katika Kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 1954 hadi 1958, tutaelewa kwa nini ushirika ulibeba mengi zaidi ya pamba.

Naomba msomaji akae kidogo na mpimaji huyu, kwa sababu sijaona mtathmini bora kuliko yeye katika historia yetu. Hakuwa na cheo wala shahada. Alilipwa na yule ambaye angeumia iwapo kipimo kingekuwa cha uongo. Alisimama pale pale shughuli ilipofanyika, si mwezi mmoja baadaye katika ukumbi wa wilaya. Jibu lake lilipatikana siku ileile, kwa lugha ya mwenye pamba, naye mwenye pamba aliweza kulitumia papo hapo: kubishana, kukataa kuuza, au kupokea fedha yake na kurudi nyumbani. Ukiondoa lolote kati ya hayo, anayebaki ni karani tu.

Na karani ndiye aliyebaki. Baada ya uhuru, ushirika ulipewa nafasi ya mnunuzi pekee, na mkulima akajikuta mbele ya mizani nyingine ambayo hakuishika. Malalamiko yakarudi, safari hii dhidi ya makarani na viongozi wa vyama vyake mwenyewe. Mwaka 1966 serikali iliunda tume ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao, kisha ikaingilia uendeshaji wa shirikisho lile. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa nchini kote na mazao yakanunuliwa na mamlaka za serikali, hadi sheria ya 1982 ilipovirejesha. Kila mageuzi yalikuja na sababu nzuri. Hakuna hata moja lililomrudisha mpimaji wa mkulima kituoni.

Kipindi hichohicho kilituachia kielelezo cha hesabu inayoweza kutimia bila lengo lake kutimia. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na utekelezaji ukamilike kabla ya mwisho wa 1976. Mikoa ikashindana, Shinyanga ikiwamo, na idadi ya waliohamishwa ikawa ndiyo kipimo cha bidii ya kiongozi. Mwaka 1977, akitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu alitaja watu zaidi ya milioni 13 katika vijiji 7,684. Hesabu ilikuwa imetimia. Katika tathmini hiyohiyo, kwa uungwana ambao watawala wachache huwa nao, alikiri kwamba katika uzalishaji nchi ilikuwa haijafika ilikokusudia. Aliyehesabu kaya zilizohama hakuulizwa kama shamba jipya lilikuwa karibu na maji.

Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, mauaji ya wazee walioshukiwa kuwa wachawi yalisababisha operesheni ya vyombo vya usalama. Watu wengi walikamatwa, wakateswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa dola. Habari zilipothibitika, Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu Januari 1977. Waliondoka pia waziri mwenzake pamoja na wakuu wa mikoa hiyo miwili, na baadhi ya maofisa waliohusika walifikishwa mahakamani na kuhukumiwa. Mwinyi hakumtesa mtu yeyote. Alijiuzulu kwa sababu yaliyotendeka yalitendwa chini ya wizara yake, naye miaka minane baadaye akawa Rais. Kisa hiki husimuliwa kama ushahidi kwamba uwajibikaji uliwahi kuwapo nchini, na ni kweli. Hata hivyo kina upande ambao hatuusimulii. Hakuna taarifa ya robo mwaka iliyofichua mateso yale, na wazee wa Usukuma, hasa wanawake, waliendelea kuuawa kwa tuhuma za uchawi kwa miongo kadhaa baadaye. Kujiuzulu kulisafisha heshima ya serikali. Tatizo la kijijini lilibaki halina wa kulipima.

Mageuzi ya miaka ya 1990 na 2000 nayapitia haraka, kwani watumishi wa umma mnaosoma hapa mnayajua kuliko mimi. Sera ya Menejimenti na Ajira katika Utumishi wa Umma ilitoka mwaka 1999. Mwaka 2004 taarifa ya siri ya kila mwaka iliondolewa, ikaja OPRAS, ambayo Kiswahili chake, MWAMTUKA, hakikupata kupendwa na mtu. Halmashauri zikaanza kupimwa kila mwaka ili zistahili ruzuku ya maendeleo. Nia ilikuwa njema: mtumishi na msimamizi wake wakubaliane malengo mapema, kisha wapimane kwa uwazi. Kilichotokea katika ofisi nyingi ni fomu ya mwaka mzima kujazwa kwa alasiri moja, wakati wa kupandishwa madaraja ulipokaribia. Mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS, ulioshika nafasi ya OPRAS, umefanya udanganyifu wa tarehe kuwa mgumu zaidi. Mwananchi aliyesubiri huduma dirishani bado hana mahali pa kuweka alama yake.

Bariadi, kwa upande wake, ilikuwa na darasa lake bungeni. Kuanzia mwaka 2005 wilaya hii ilikuwa na wabunge wawili ambao majina yao yalijulikana nchi nzima. John Cheyo wa UDP, Mbunge wa Bariadi Mashariki, aliongoza Kamati ya Hesabu za Serikali katika enzi ambayo kamati za hesabu ziliwekwa mikononi mwa wapinzani, yeye akiwa na wenzake Willibrod Slaa na Zitto Kabwe. Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2008 iliimarisha ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, iliyokuwa chini ya Ludovick Utouh, na taarifa za ukaguzi zikaanza kusomwa magazetini kama habari za mpira. Katika jimbo la jirani, Bariadi Magharibi, alikuwapo Andrew Chenge wa CCM, Mwanasheria Mkuu wa zamani. Aprili 2008 alijiuzulu uwaziri wa miundombinu kufuatia habari za fedha zake katika akaunti ya ng'ambo, zilizotajwa wakati wa uchunguzi wa ununuzi wa rada. Alikana kutenda kosa, na hakupata kutiwa hatiani kwa jambo hilo. Neno lake "vijisenti" likaingia katika lugha ya mtaani na halijatoka.

Mwaka 2010 wapiga kura waliwarudisha wote wawili. Mwaka 2015 walimrudisha Chenge na kumwangusha Cheyo. Wasomi wa Dar es Salaam hupenda kuyacheka matokeo hayo, lakini kicheko si uchambuzi. Sanduku la kura halikumuuliza mtu wa Bariadi kuhusu akaunti za ng'ambo wala hoja za ukaguzi. Lilimuuliza ni nani atakayemsemea juu ya barabara, maji na pamba. Kazi nzuri ya kamati ya Cheyo ilikuwa na faida kwa Taifa zima, na ndiyo maana haikuwa na mwenyewe jimboni.

Nguvu ya taarifa hizo ilionekana Mei 2012, pale Rais Kikwete alipowaondoa mawaziri sita baada ya taarifa ya Mdhibiti kuchachamaa bungeni. Mwaka huohuo Simiyu ilikatwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga ikawa mkoa, makao makuu yakiwa Bariadi. Hoja ilikuwa kuisogeza serikali karibu na wananchi, nayo ilikuwa hoja halali kwa mtu wa Meatu aliyekuwa akisafiri hadi Shinyanga mjini kufuata ofisi ya mkoa.

Mkoa huo mchanga ulikutana mapema na Matokeo Makubwa Sasa, mpango uliozinduliwa mwaka 2013 kwa kuiga Malaysia. Kasi yake ilikuwa ya kweli: sekta sita za mwanzo, malengo yaliyotangazwa hadharani, na ofisi maalumu ya Rais ya kufuatilia utekelezaji. Katika elimu lengo lilikuwa kufikisha ufaulu asilimia 60 mwaka 2013 na asilimia 80 mwaka 2015. Ufaulu wa kidato cha nne wa 2012, hata baada ya matokeo kupangwa upya, ulikuwa takriban asilimia 43. Wa 2013 ukawa takriban asilimia 58. Katikati ya miaka hiyo miwili, mipaka ya madaraja ilibadilishwa, daraja A likaanzia alama 75. Pengine walimu walifundisha vizuri zaidi, nawajua waliojitahidi. Ila baada ya rula kubadilishwa katikati ya kupima, hakuna mtu, hata aliye mkweli kabisa, awezaye kutenganisha juhudi ya mwalimu na wepesi wa rula. Hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote, kwa kuwa inamnyang'anya hata aliyefanya kazi ushahidi wake.

Simiyu iliingia katika mbio hizo kwa bidii, hasa katika miaka ya Anthony Mtaka kama Mkuu wa Mkoa, kuanzia 2016 hadi 2021. Kambi za kitaaluma zilianzishwa, viwanda vidogo kama kile cha chaki cha Maswa vikatangazwa, na jina la mkoa likapanda. Sioni aibu kusifu. Naona tu kwamba kilichosomwa jukwaani kilikuwa nafasi ya mkoa kitaifa, nacho kipimo cha nafasi kina kasoro yake: mkoa unaweza kupanda kwa sababu wengine wameshuka. Mapema 2023 Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule na watahiniwa bora.

Wakati huo, waliotaka kupima kutoka nje walikuwa wamebanwa. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu mwaka 2018 yaliufanya uchapishaji wa takwimu zinazopinga zile rasmi kuwa hatari, hadi makali yalipopunguzwa mwaka 2019. Mwaka huohuo wa 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad, aliyemrithi Utouh, kwa kuwa alisema kuna udhaifu bungeni. Novemba aliondoka bila kuongezewa muda. Desemba 2022 Mahakama Kuu ilisema kuondolewa kwake kulikiuka Katiba, hukumu iliyofika wakati kiti kilikuwa na mtu mwingine kwa miaka mitatu.

Kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1982, kila kijiji cha Itilima na Busega kina mkutano mkuu unaopaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu, ambako mapato na matumizi husomwa mbele ya watu wazima wote. Huo ndio mrithi halali wa mpimaji wa miaka ya 1950. Kwa upande wa pamba, mizani ya kidijitali imeanza kuingia katika vyama vya msingi, na haipunji kwa kidole kama ile ya zamani. Katika msimu wa 2019 uzito haukuwa tatizo la wakulima wengi: pamba ilipimwa, bei ya shilingi 1,200 kwa kilo ilijulikana, stakabadhi zilitolewa, na malipo yakachelewa kwa miezi. Mkulima alikuwa na namba sahihi mkononi. Ofisi ya kumpelekea stakabadhi ile, iliyolazimika kumjibu siku hiyohiyo, haikuwapo Maswa wala Bariadi.