Drafti ya baseboli Marekani: kwa nini kijana mwenye mbio na nguvu anaweza kushindwa

Mwaka wa 1994 Michael Jordan, mwenye wengi wanamjua kwa basketi, alienda kucheza baseboli na Birmingham Barons, ekipe ya ligi ndogo. Mwili alikuwa nao, mbio pia. Katika mechi 127 alifaulu kupiga vizuri karibu mara 2 tu kwa kila mara 10, na mara 114 alitolewa juu alishindwa kabisa kuupiga mpira.

Jordan hakupitia drafti, lakini mfano wake unaonyesha shida yenye ekipe za Marekani zinakutana nayo kila mwaka. Drafti ilianza 1965. Ni siku za kuchagua vijana: ekipe zinafuatana kwa zamu, na leo zamu ni 20. Kijana anaweza kuchaguliwa akitoka sekondari, ao kisha miaka mitatu ya chuo kikuu. Akisaini, anapewa feza ya kusaini mara moja, halafu anaanzia ligi ndogo, kwenye mshahara ni kidogo.

Wachunguzi wa ekipe wanaangalia mambo matano: kupiga, nguvu ya kupeleka mpira mbali, mbio, kudaka na kutupa. Mbio unapima na saa. Mkono wenye nguvu unaonekana kwa mtupo mmoja. Kupiga ndiyo kunasumbua. Mpira unatoka mita 18 hivi, unaweza kupita kilometa 150 kwa saa, na mpigaji ana chini ya nusu ya sekunde kwa kuamua. Ni kama golikipa mbele ya penalti, lakini hapa mpira unaweza pia kupinda ao kupunguza mwendo njiani. Kijana wa sekondari mwenye anapiga wenzake wote, kumbe hajaona bado mtupaji wa kweli.

Donavan Tate, kijana wa Georgia, alichaguliwa wa 3 mwaka wa 2009 na San Diego Padres. Alikuwa pia hodari wa futboli ya Kimarekani, na chuo kikuu cha North Carolina kilikuwa kinamngojea. Padres walimpa dola milioni 6,25. Kukaja majeraha, kukaja matatizo ya nje ya kiwanja, na hakufika hata siku moja kwenye ligi kubwa. Bubba Starling alichaguliwa wa 5 mwaka wa 2011 na Kansas City Royals, kwa dola milioni 7,5. Huyo alifika, lakini ni mwaka wa 2019, kisha miaka minane, na mechi zake hazikufika 100.

Sasa ekipe zinaendelea kwa nini? Juu ya hesabu. Mike Trout alichaguliwa wa 25 mwaka ule ule wa Tate, na mara tatu akapewa zawadi ya mchezaji bora wa ligi yake. Yeye pia alikuwa mwenye mbio na nguvu. Mtu mmoja kama huyo, mwenye ekipe inamshika karibu miaka sita kwenye ligi kubwa mbele awe huru kuhama, analipa hasara ya wengi.

Ila ekipe inagawanya hatari yake kwa vijana 20 kila mwaka. Kijana ana mwili mmoja, na kuanzia miaka 18 mpaka 25 haitarudi. Akishasaini, hawezi tena kucheza baseboli ya chuo kikuu, na nafasi yake ya kusoma bure kwa mchezo ule imeisha.

Ndiyo maana familia zenye akili zinaangalia kontra kuliko feza ya kwanza. Kuna mpango wenye ekipe inaahidi kulipa masomo ya chuo kikuu kisha mchezo kuisha. Unazungumzwa ile siku ya kusaini. Kama haukuandikwa hapo, kijana akirudi nyumbani na miaka 25, minervali atajilipia mwenyewe.