Mfereji na Samadi: Mboga za Kiangazi Kilimanjaro

Mwalimu wa darasa apandishe sauti ya redio kidogo, na walioko nyuma wasogee.

Mvua imekwisha. Mchicha wako umekauka, na sokoni fungu dogo la mboga limepanda bei. Huenda umesema, "Kiangazi si wakati wa mboga." Leo tuwatazame watu ambao tangu zamani hawakulikubali neno hilo, yaani Wachagga wa Mlima Kilimanjaro.

Juu mlimani mvua ni nyingi, na mito hutelemka katika makorongo marefu. Lakini mashamba yako juu ya migongo ya mlima, siyo korongoni. Maji unayasikia, na mmea wako unakufa. Basi Wachagga walipanda juu sana, wakayakinga maji ya mto kwa mawe na magogo, wakayaongoza kwa mfereji ubavuni mwa mlima mpaka mashambani. Mfereji huo huitwa mfongo. Penye bonde waliyavusha maji kwa magogo yaliyochongwa katikati. Kazi hii yataka jicho: mtelemko ukizidi, maji hula ukingo, ukipungua, maji husimama na tope hujaa. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alikaa Moshi, katika nchi ya Mangi Rindi, akaikuta mifereji hiyo ikifanya kazi.

Maji peke yake hayakutosha. Shamba lililimwa mwaka baada ya mwaka, wala hapakuwa na nafasi ya kuliacha lipumzike. Kwa hiyo ng'ombe walifungwa ndani ya nyumba, wakaletewa majani. Wanawake walikwenda mbali, mara nyingi mpaka tambarare, wakapanda mlima na mizigo ya nyasi vichwani. Tukiwasifu wanaume kwa mfereji, tusiisahau mizigo hiyo. Samadi ikatolewa zizini, ikatiwa penye migomba ya kihamba. Hapo kivulini ndipo palipoota mnafu na mboga nyingine za majani. Samadi huulisha mmea, na pia hushika unyevu, hata maji kidogo yakadumu. Chini zaidi, mfongo ulinywesha ulezi wa kiangazi, nafaka ya kupikia mbege.

Sasa, nani apate maji leo? Hapo ndipo penye ugomvi. Mfereji ulisimamiwa na ukoo wa yule aliyeuanzisha. Watu walipewa zamu, na asiyekuja kusafisha mfereji aliweza kunyimwa maji. Maji ya usiku hayakuachwa yapotee. Yalikingwa katika bwawa dogo liitwalo nduwa, asubuhi yakafunguliwa. Mimi naona kuzilinda zamu hizi kulikuwa kazi kubwa kuliko kuchimba.

Wakati wa utawala wa Waingereza wako maofisa waliosema kwamba mifereji hii inapoteza maji. Ni kweli, udongo hunywa mengi njiani. Hata hivyo mingi imedumu, na mpaka leo kabichi na mnafu wa kiangazi hushuka kutoka mlimani kwenda sokoni Moshi.

Sasa shikeni kalamu. Kila mmoja aandike sentensi tatu: maji ya karibu na shamba lako yako wapi, samadi ya kijiji chenu hutupwa wapi, na ni nani mwenye haki ya kuyagawa maji hayo. Mwalimu atasahihisha. Kwa herini, mpaka wiki ijayo.