Wamakonde na Kitambulisho: Mashirika Yaliposhikana

Nikiwa Mbumbuni, Makueni, mzee mmoja aliniuliza hawa Wamakonde ni watu gani. Nikamwambia ni majirani zetu wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji enzi za mkoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Wajukuu wamezaliwa papa hapa, lakini bila kitambulisho hufungui akaunti benki, na askari akikusimamisha njiani huna la kumwonyesha.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 iliwapa wasio na utaifa, waliokuwapo tangu 12 Desemba 1963, miaka 5 ya kujiandikisha. Agosti 2016 muda ukaisha, Wamakonde wangali mlangoni. Oktoba wakatoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, wakisaidiwa na mashirika ya haki yakiwemo KHRC na Haki Centre. Februari 2017 wakapewa vitambulisho, wakawa kabila la 43. Wapemba wakatambuliwa 2023.

Mashirika hayo hayakuvunjwa yakawa moja, na kwangu hiyo ndiyo ilikuwa busara: wa Nairobi wanajua milango ya serikali, wa Pwani wanajua nyumba za watu. Baadhi ya wenye asili ya Rwanda na Burundi walibaki wakingoja zamu yao.