Igoma na Wageni wa Ziwani

Atokaye Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma, akayaacha nyuma majabali yaliyobebana, hufika Igoma kabla ya Kisesa. Mgeni haoni hapo jumba la kale wala mlango wa nakshi. Huona stendi ya daladala, soko na nyanya zilizopangwa mafungu. Husikia Kisukuma, na kando yake Kijita, Kikerewe na Kihaya, lugha za watu waliofuata riziki. Mwanza ilipopewa hadhi ya jiji mwaka 2000, Igoma ilikuwa pembezoni. Tangu hapo nyumba zimefuatana kuelekea Kisesa. Aghalabu mtu hupita akidhani huu ni mtaa usio na historia.

Historia yake ilikuja kwa maji. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilipinduka ikiwa imekwisha kuikaribia Mwanza. Nafasi yake ilikuwa ya abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443. Daraja la tatu, walimosafiri wanyonge, halikuwa na orodha. Karani mmoja na kalamu yake wangetosha, lakini hawakuwapo. Waliokufa wanakadiriwa kuzidi 800, na makadirio hayo yamebaki makadirio, kwani asiyeandikwa alipopanda hahesabiki aliposhuka kilindini.

Maiti walioopolewa walilazwa katika uwanja wa Nyamagana, ndugu wakapita baina yao wakitafuta uso, shati, pete. Waliotambuliwa walirudishwa kwao. Wengi wa wasiotambuliwa walizikwa Igoma, na wengine ziwa halikuwatoa.

Ili kulielewa jambo hili, yafaa kukumbuka kwamba Mhaya huzikwa kibanjani kwake, chini ya migomba, karibu na mlango wa wanawe. Msukuma naye, kwa ada ya zamani, hulazwa nyumbani kwake. Kwa watu wa namna hiyo, kuzikwa pamoja na wageni, mbali na ukoo, ni msiba juu ya msiba. Igoma, ambayo haikuwa na deni na meli ile, ikawa kibanja cha wasio na kibanja. Watu wa visiwani, waliouonja msiba wa MV Spice Islander mwezi Septemba 2011, hawahitaji kufafanuliwa.

Kila tarehe 21 Mei hufanyika kumbukumbu hapo, kwa sala na dua. Miongoni mwa wanaokuja wamo wasiojua kaburi lao ni lipi, wala kama lipo. Husimama mbele ya lolote lililo karibu, wakaomba, kisha wakashuka stendi kutafuta gari la mjini, katikati ya makondakta wanaoita abiria na wachuuzi wa dagaa.