Mbwa wa Peking: Simba Mdogo wa Kasri

Mbwa wa Peking, ambaye wafugaji humwita Pekingese, ana uzito wa kilo 5 hivi, lakini anayemnyanyua kwa mara ya kwanza hushangaa: ni mzito kuliko anavyoonekana. Miguu ya mbele ni mifupi na imepinda, kifua ni kipana, uso ni bapa, na shingo imezungukwa na manyoya marefu kama ya simba dume. Umbo hilo lilitafutwa. Dini ya Buda ilipoingia China ilikuja na simba kama mlinzi wake, katika nchi isiyokuwa na simba porini, na walezi wa mbwa wa kasri wakawa wanachagua wale waliofanana na sanamu zake. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2004 ulimweka kwenye kundi la mbegu za mbwa za kale zaidi, pamoja na Basenji wa Kongo.

Enzi ya ukoo wa Qing, mbwa hawa walitunzwa na matowashi wa kasri, na wale wadogo kabisa walibebwa ndani ya mikono mipana ya majoho. Nje ya kuta za kasri hawakujulikana sana, mpaka vita vilipozibomoa. Oktoba 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipora Yuanmingyuan, kasri la kiangazi karibu na Beijing, na Waingereza wakalichoma moto. Mbwa watano walichukuliwa humo. Mmoja, jike, aliletwa London na Kapteni John Hart Dunne, akakabidhiwa Malkia Victoria na kupewa jina Looty, kutokana na neno la Kiingereza la uporaji. Aliyempa jina hilo hakuona haja ya kuficha alikotoka. Mwaka 1861 Friedrich Keyl alimchora akiwa juu ya mto mwekundu, na chombo kikiwekwa kando yake ili udogo wake uonekane. Looty alifia Windsor mwaka 1872.

Waliofuata walifika nchi za Magharibi kwa njia ya heri zaidi. Malkia Mjane Cixi wa China, aliyewapenda mno, alimpa mmoja Alice Roosevelt, binti wa rais wa Marekani, mwaka 1905. Meli ya Titanic ilipozama mwaka 1912, mbwa watatu tu waliokoka, mmoja wao wa Peking.

Mashindano ya urembo wa mbwa ndiyo yaliyomharibu mbwa huyu. Majaji walituza uso uliozidi kuwa bapa na manyoya yaliyozidi kuwa mengi, hadi pua ikamezwa na mikunjo ya ngozi. Mwaka 2008, baada ya filamu ya BBC kufichua maradhi ya mbwa wa ukoo safi, Kennel Club ya Uingereza ilirekebisha vigezo vyake na kutaka pua ya mbwa huyu ionekane.

Kwa tabia, bado ni wa kasri. Hana pupa ya kumfurahisha mtu. Akiitwa, huangalia kwanza kama inafaa kuja. Humshikilia mtu mmoja au wawili, wageni huwatazama kwa mbali, na hakimbii mbwa aliyemzidi mara tano. Watoto wanaovutavuta manyoya hawamfai.

Manyoya yake huchanwa mara kadhaa kwa wiki, hasa nyuma ya masikio yanakosokotana haraka. Mkunjo wa juu ya pua hupanguswa na kukaushwa kila siku, la sivyo hunuka na kuota vidonda. Macho yametokeza nje na huchubuka kwa kitu kidogo tu, hivyo afungwe mkanda wa kifuani badala ya wa shingoni. Asirukeruke kwenye makochi, kwani uti wake wa mgongo ni dhaifu. Wengi huzalishwa kwa upasuaji, kichwa cha mtoto kikiwa kikubwa kuliko njia.

Adui yake mkubwa ni joto. Mbwa hupoa kwa kutweta, na njia fupi ya hewa humnyima nafuu hiyo. Katika joto la unyevu la Mombasa au Dar es Salaam, matembezi yake ni ya alfajiri na usiku tu. Akianza kukoroma huku anatweta na ulimi ukageuka buluu, amwagiwe maji na apelekwe kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo.