Kazi ya Shangazi Iliyobaki kwa Mama

Katika Ankole ya zamani, kusini-magharibi mwa Uganda, mama hakutarajiwa kumweleza binti yake habari za mwili. Kazi hiyo ilikuwa ya shangazi. Yeye ndiye aliyemfundisha msichana kujisitiri siku za hedhi na kumwandaa kwa unyumba, na bibi harusi akionekana hajui kitu, lawama zilimrudia yeye. Waganda walimwita ssenga, Wanyarwanda na Warundi masenge. Pwani, somo na kungwi walishika nafasi kama hiyo. Mama kunyamaza ilikuwa adabu.

Mpango huo ulitaka shangazi awe karibu. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, katika Ankole hiyo hiyo, yalifunguliwa mwaka 1958, yakatambuliwa rasmi 1960, na yamepokea watu ambao koo zao zilitawanywa na vita: Watutsi waliokimbia Rwanda, kisha Wakongo, Wasomali, Warundi. Shangazi wa msichana aliyezaliwa hapo huenda alibaki Kivu, au yuko nchi nyingine, au aliuawa. Kaberebere, kwenye barabara itokayo Mbarara kwenda Isingiro, wenyeji hawakukimbia vita hivyo, lakini nao mashangazi wamewapungua: ndoa za mbali, kazi za mjini, na Ukimwi uliozika kizazi kizima cha walezi Uganda.

Ukimwi huo huo ndio uliolazimisha nchi kusema. Kuanzia 1986 serikali ya Yoweri Museveni iliutaja ugonjwa waziwazi, hata redioni. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alijitangaza kuwa anaumwa. Mwaka 1993 likaanza Straight Talk, gazeti la vijana lililosambazwa pamoja na gazeti la New Vision, likijibu maswali ambayo wasomaji wake wasingethubutu kuyauliza nyumbani. Kwa maoni yangu, hakuna chombo kilichoikaribia kazi ya shangazi kama gazeti lile.

Shuleni mambo yaliyumba. Mwaka 2016 somo la elimu ya kujamiiana lilizuiwa. 2018 Wizara ya Elimu ikazindua mwongozo mpya, na viongozi wa dini wakaupinga. Kisha shule zilivurugwa na korona tangu Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta karibu robo ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshapata mimba.

Kwa hiyo mama amebaki na kazi ambayo yeye mwenyewe hakufundishwa na mama yake. Mara nyingi anachosema ni hiki: "Sasa umekuwa mkubwa, mama, kaa mbali na wavulana." Binti anaitikia, na mazungumzo yanaishia hapo. Haambiwi kwamba yai hupevuka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, wala kwamba msichana anaweza kushika mimba hata kabla ya kuiona hedhi ya kwanza. Hilo la pili linanitia hofu, kwa sababu wazazi wengi husubiri damu ndipo waanze kusema.

Tena tunasahau kwamba shangazi alikuwa dada wa baba. Mila iliweka mafunzo haya upande wa baba, na ukoo wake ndio ulioaibika yalipokosekana. Leo, mimba ikiingia, baba anamgeukia mkewe na kuuliza alikuwa akimfunza nini mtoto, kana kwamba jukumu hilo halikuwahi kuwa la kwao.